"Habari Ziwafikie": Tafakuri ya Mwanaisimu wa Namswea Aliye Ughaibuni

1.0 Utangulizi

Neno habari katika Kiswahili lina kazi mbili ambazo wanafunzi wangu wa Kijerumani huchukua muda mrefu kuzitenganisha. Kwanza, habari ni taarifa, yaani ile inayosomwa redioni na kuchapishwa magazetini. Pili, habari ni swali la salamu. Mwanafunzi wa muhula wa kwanza akiulizwa "Habari za asubuhi?" hudhani kwamba ametakiwa kutoa taarifa, akaanza kueleza kuwa hakulala vizuri, kuwa kodi ya chumba imepanda na kuwa mvua imemharibia viatu. Huku niliko, ukimwuliza mtu hali, atakwambia hali. Hapo hulazimika kumfundisha kwamba jibu la habari ni "nzuri". Swali linalofuata ni lilelile kila mwaka: na kama si nzuri? Jibu langu nalo halijabadilika: utasema "nzuri", kisha utasema "ila".

Kiunganishi hiki ila hakijatendewa haki katika vitabu vyetu vya sarufi. Aghalabu huorodheshwa pamoja na lakini, bali na isipokuwa, kana kwamba kazi yake ni kuunganisha vishazi tu. Lakini tumsikilize mtu wa Namswea akijibu salamu. "Habari za nyumbani?" "Nzuri." "Watoto?" "Hawajambo." "Mashamba?" "Mazuri, ila mvua imechelewa." "Na mzee?" "Hajambo, ila miguu." Taarifa yote imo baada ya ila. Kabla yake mna undugu: msemaji huthibitisha kwanza kwamba yeye na mwulizaji bado ni watu wa nyumba moja, ndipo amkabidhi mzigo.

Makala haya si ripoti ya utafiti. Ni tafakuri ya mtu aliyezaliwa Namswea, kata mojawapo ya Wilaya ya Mbinga katika Mkoa wa Ruvuma, akasomea isimu, na ambaye kwa miaka mingi amekuwa akifundisha katika nchi ya watu huku akizipata habari za kwao kwa njia tatu: magazeti, redio na dada yake. Hoja ninayokusudia kuitetea ni moja. Habari za nyumbani zina sarufi yake, na aliye mbali akiisahau sarufi hiyo, hata kama hajaisahau lugha, atabaki na vichwa vya habari tu.

2.0 Majina ya huko tuendako

Yafaa tuanze na jina la mahali alipo mtu huyu. Kiswahili kina majina kadhaa ya nchi za mbali, na kila moja linamtazama msafiri kutoka upande wake.

La kwanza ni Ulaya. Asili yake ni neno la Kiarabu wilaya, lenye maana ya eneo la utawala, na neno hilohilo ndilo lililotupatia wilaya zetu. Hivyo basi mtu aliyetoka Wilaya ya Mbinga akaenda Ulaya, kwa mujibu wa etimolojia, ametoka wilaya moja akaingia nyingine. Nimejaribu kuieleza hoja hii katika ofisi ya uhamiaji ya mji ninaoishi, wakati wa kuomba kibali kipya cha ukaazi, lakini haikupunguza idadi ya fomu.

Ng'ambo ni upande wa pili wa maji. Kwa mtu wa Unguja, Ng'ambo ni mtaa wa pili baada ya Mji Mkongwe. Kwa Mswahili wa pwani ni nchi zilizo nyuma ya bahari. Kwa wajomba zangu wa Liuli, ng'ambo ni Malawi, mahali pa kuuza samaki na kuoa. Ziwa lenyewe linaloitenganisha ng'ambo hiyo na kwetu lina jina la kuchekesha: nyasa katika Kiyao maana yake ni ziwa, kwa hiyo Ziwa Nyasa ni "Ziwa Ziwa". Mwaka 2012, mzozo wa mpaka kati ya Tanzania na Malawi ulipopamba moto magazetini, chanzo kikiwa mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890 pamoja na vibali vya kutafuta mafuta, nilimpigia dada yangu kwa wasiwasi nikamwuliza kama kuna vita. Akanijibu: "Labda huko unakosoma. Hapa dagaa bado hawajasikia."

Vijana wameongeza mengine: majuu, mtoni, na kwa kazi zinazofanywa huko, kubeba boksi. Istilahi hii ya mwisho naiheshimu sana. Ilibuniwa na watu waliokwenda kutafuta shahada na wakajikuta ghalani, na badala ya kuwaficha ndugu zao wakaipa hali yao jina ambalo mtu anaweza kulitamka huku akicheka. Profesa naye hubeba boksi; tofauti ni kwamba lake lina vitabu.

Lakini jina linalotawala siku hizi katika maandishi rasmi ni ughaibuni, kutokana na ghaibu, yaani kisichoonekana. Majina mengine yote huelekeza mahali: juu, mtoni, upande wa pili. Hili linaeleza kutokuwapo. Aliye ughaibuni hayuko mahali fulani, hayuko machoni. Ni jina lililotungwa na waliobaki, na ni la haki. Abdulrazak Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, nyumbani mjadala ulizuka kama yeye ni wetu au si wetu, hasa kwa kuwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Wengi waliojadili walikuwa hawajapata kumsoma. Riwaya yake ya Paradise ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Mtu alionekana magazetini kwanza, na vitabu vyake vikamfuata taratibu.

3.0 Waliotutangulia

Mwandishi wa makala haya si wa kwanza kukaa Ujerumani akifundisha Kiswahili na kupima habari za pande mbili. Seminari ya Lugha za Mashariki ilianzishwa Berlin mwaka 1887, na walimu wake wazawa wa Kiswahili ndio babu zetu katika kazi hii, ingawa ni wachache kati yetu wanaowataja wanapohesabu nasaba zao za kitaaluma.

Amur bin Nasur, aliyetoka Zanzibar, alifundisha huko kuanzia mwaka 1891 hadi 1895, akaacha maelezo ya maisha ya Ulaya katika Kiswahili ambayo Büttner aliyachapisha katika mkusanyiko wake wa mwaka 1894. Selim bin Abakari alisafiri hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, na simulizi lake likaingia katika kitabu cha Velten, Safari za Wasuaheli, cha mwaka 1901. Hawa wawili walikuwa wanawaandikia wasomaji habari za huko. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifanya kinyume chake. Alikaa Berlin akaandika habari za nyumbani, na Desturi za Wasuaheli ikatoka mwaka 1903. Kila aliye mbali, ajue asijue, yumo katika mojawapo ya kazi hizi mbili, au anazifanya zote kwa zamu.

Kazi hizo hazikuwa salama. Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani, akaacha kazi katika Seminari mwaka 1905, na walipotaka kurejea Afrika Mashariki, serikali ya kikoloni iliwazuia kuingia pamoja. Alifia Berlin mwaka 1927. Mdachi bin Sharifu, aliyetoka Tanga, alisimama mbele ya hadhara ya Wajerumani mwaka 1919 akaeleza ubaya wa utawala wao makoloni. Alikuwa anasema "ila" bila kutanguliza "nzuri", katika lugha ya wenyeji wake na mbele yao. Nafasi yake ya kufundisha haikudumu baada ya hapo.

Nawataja si kwa ajili ya historia tu. Mwaka 1905, ambao Mtoro alifungiwa mlango wa kwao, ndio mwaka vita vya Majimaji vilipoanza. Sisi huona kuwa tumeteseka simu ikikatika dakika tano. Mtoro alisubiri meli.

4.0 Sarufi ya vichwa vya habari

Kila asubuhi, kabla ya kwenda darasani, huyasoma magazeti ya nyumbani kwenye kompyuta. Ugonjwa wa kazi hunifanya nisome vitenzi kabla ya kusoma habari. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiona jambo ambalo mwanafunzi wa shahada ya uzamili angeweza kulifanyia tasnifu nzuri.

Katika habari za mikoani, viongozi huwa katika kauli ya kutenda: Waziri aagiza, Mkuu wa Mkoa azindua, Mbunge akabidhi, Mkuu wa Wilaya atoa siku saba. Wananchi huwa katika kauli ya kutendwa: wakulima wahimizwa, wazazi waaswa, vijana watakiwa kuchangamkia fursa, wavuvi waonywa. Njeo ni ileile kwa wote, yaani -a- ya wakati uliopo usiodhihirika, ambayo haisemi jambo limekwisha, linaendelea au litakuja. Waziri aagiza; ameagiza lini, na kimefanyika nini, njeo haina jibu. Na mwananchi, ambaye ndiye mwenye shamba, jembe na mvua inayochelewa, hupata nafasi ya kiima kwa sharti moja: kwamba kitenzi kinachomfuata kiwe kinamtenda.

Sisemi kwamba waandishi wana nia mbaya. Mwandishi wa wilayani mara nyingi hufika kijijini ndani ya msafara wa kiongozi, kwa sababu ndio wenye gari. Huandika anachokiona kutoka katika kiti alichopewa. Lakini matokeo yake ni kwamba Namswea huingia gazetini kwa milango mitatu tu: ajali, ziara na uchawi. Katika mlango wa kwanza tumekufa, wa pili tumehimizwa, wa tatu tumeshukiwa.

Chukua mfano wa kilimo. Wamatengo hulima milima mikali kwa ngolo: nyasi hukatwa na kulazwa katika miraba, zikafukiwa kwa udongo unaochimbwa katikati, hata mteremko wote ukawa na mashimo yaliyopangika, yanayozuia maji yasichukue udongo na kuacha nyasi zioze ziwe mbolea. Maharage hutangulia, mahindi hufuata. Mfumo huu umedumu kwa zaidi ya karne moja bila kuhimizwa na mtu. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Kyoto walikuja kuuchunguza, wakaandika mengi. Kadhalika, ninapotaka kuhakiki neno la Kimatengo ambalo limenitoka, hufungua orodha ya msamiati iliyochapishwa Tokyo mwaka 2006 na Nobuko Yoneda, msomi wa Kijapani aliyekaa na watu wetu akawasikiliza. Nikiwa Ujerumani, namwuliza Mjapani jina la kitu kilichomo jikoni kwa mama yangu. Siku hiyohiyo gazeti huniarifu kwamba wakulima wa wilaya yetu wametakiwa kuachana na kilimo cha mazoea.

Kuna neno jingine linalostahili kutajwa hapa, nalo ni changamoto. Wengi wetu tulilijua kwanza kama jambo linalomtia mtu ari. Leo limechukua nafasi ya tatizo, shida, upungufu na hata wizi. Zahanati haina dawa: ni changamoto. Fedha za daraja hazionekani: kuna changamoto. Nimefikia kuamini kwamba changamoto ni ila ya viongozi. Tofauti ni kwamba ila ya dada yangu huja baada ya undugu na hutaja kitu kwa jina lake: mvua, miguu, ada ya mtoto. Changamoto hutangulizwa na orodha ya mafanikio, na haitaji kitu.

Je, huku niliko mambo ni bora? Gazeti la mji wetu huja sandukuni kila asubuhi. Sarufi yake ni kinyume cha yetu kabisa. Wakazi wapinga kukatwa kwa mti. Wakazi walalamikia kengele za kanisa. Wakazi wadai njia ya baiskeli. Kila mkazi ni mtenda, na kitenzi chake hakikosi ukali. Mwaka mmoja mti mmoja wa mtaani kwetu ulipata nafasi kubwa gazetini kwa wiki tatu, ukiwa na picha, umri na mawakili. Niliusoma mjadala huo kwa wivu. Hapakuwa na mkazi hata mmoja aliyehimizwa. Lakini pia, katika wiki hizo tatu, bara zima la Afrika lilionekana mara moja, na aliyezungumziwa alikuwa tembo.

5.0 Habari moja, nyumba mbili

Mtu anayekaa kati ya magazeti mawili hujifunza kwamba habari haina uzito wake wenyewe; uzito huupata mahali inapotua. Nitatoa mifano miwili.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika katika Makumbusho ya Majimaji mjini Songea, akakutana na wajukuu wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na ambaye kichwa chake inaaminika kilipelekwa Ujerumani. Rais aliomba msamaha kwa niaba ya nchi yake na kuahidi kusaidia kukitafuta kichwa hicho. Nyumbani simu hazikukatika siku nzima. Dada yangu alinieleza hata rangi ya suti. Jioni nilikutana na jirani yangu ngazini, mtu mwema, mwalimu mstaafu, nikamwuliza kama amesikia habari. Alikuwa amesikia kwamba Mfalme Charles III wa Uingereza yuko Kenya. Ya rais wake mwenyewe hakuwa nayo. Nilipomtajia Songea akauliza ni wapi. Ningeweza kumwambia mambo mengi. Nilimwambia ni mahali tunapobadilisha basi kwenda kwetu.

Alifikiri kidogo, kisha akaniuliza walikuwa wangapi walionyongwa. Nilimweleza. Kesho yake nilikuta mlangoni kitabu cha maktaba juu ya vita vya Majimaji, na kikaratasi ndani yake kikinikumbusha tarehe ya kukirudisha. Tangu siku hiyo tunasalimiana kwa muda mrefu zaidi, ingawa bado hunikumbusha pia kwamba karatasi hazitupwi katika pipa la chupa.

Mfano wa pili ni kahawa. Mwezi Julai 1994 jalidi iliunguza mibuni ya Brazil, bei ya dunia ikapanda zaidi ya maradufu katika muda mfupi. Msimu wa 1994/95 ndio pia ulioruhusu wanunuzi binafsi kuingia vijijini Tanzania, na Mbinga ikaona fedha ambazo haikuwa imezizoea. Hapo ndipo wazee wetu walipojifunza kuuliza hali ya hewa ya Brazil. Miaka michache baadaye kahawa ilijaa sokoni, nyingi ikitoka Vietnam, na kufikia mwaka 2001 bei ilikuwa imeanguka vibaya mno. Watoto waliokuwa wakisomeshwa kwa gunia wakarudi nyumbani. Kisha, mwezi Februari 2025, bei ya arabika katika soko la New York ilipita dola 4 kwa ratili, kiwango ambacho hakikuwa kimefikiwa kabla. Redio ya hapa iliitangaza kwa sauti ya msiba. Katika chumba cha walimu wenzangu walitikisa vichwa juu ya vikombe vyao, mmoja akaniambia, "Habari mbaya sana." Nilikubali kwa adabu, maana ni mtu mkubwa kwangu, na mimi hunywa kahawa ya idara. Usiku huo nilimpigia dada. "Habari za nyumbani?" "Nzuri!" alisema, nikangojea ila kwa sekunde kadhaa. Siku hiyo haikuja haraka. Ilikuja baadaye, ya kiasi: "Ila mibuni yetu imezeeka."

6.0 Habari inayokwenda polepole

Ufukwe wa kwetu unajua tangu zamani kwamba kasi ya habari ni jambo la uhai na kifo. Tarehe 13 Agosti 1914, hapo Liuli, iliyoitwa na Wajerumani Sphinxhafen, meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu ikitengenezwa. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki wa nahodha Rhoades wa meli ya Kiingereza Gwendolen. Rhoades alikuwa amekwisha kupata habari kwamba nchi zao zina vita. Berndt hakuwa nayo. Gwendolen ikaja, ikapiga mizinga, na Berndt akatekwa na rafiki yake akiwa bado anashangaa. Hilo huhesabiwa kuwa pambano la kwanza la majini katika Vita Kuu ya Kwanza, na silaha iliyotangulia mizinga ilikuwa taarifa iliyomfikia mmoja kabla ya mwingine.

Katika ukoo, ucheleweshaji huohuo una kazi nyingine. Mwezi Juni 2019 dada yangu alinipigia simu. Kwa kawaida yeye hubipu tu, nami nikampigia. Siku hiyo alipiga mwenyewe.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Habari za huko?"

"Nzuri. Za nyumbani?"

"Nzuri, tunaendelea. Ila kaka yetu anaumwa kidogo tu. Ukipata nafasi, uje umwone."

Kwa mwanaisimu sentensi hii haihitaji kamusi. Kidogo na tu ni vipunguzi viwili juu ya kitenzi kimoja, na kadiri vipunguzi vinavyoongezeka ndivyo jambo linavyokuwa zito. Ukipata nafasi ni sharti la adabu. Uje ni amri. Anayeumwa kidogo tu haitiwi ndugu yake kutoka Ulaya. Tena, nyuma ya sauti ya dada nilisikia viti vikisogezwa, viti vingi.

Nilisafiri kesho yake. Dar es Salaam mpwa wangu alinipokea akasema, "Mjomba, hali yake si nzuri sana." Songea, mtoto wa kaka mwenyewe alinishika mkono akasema, "Baba mdogo, mzee alizidiwa." Nikaitambua njeo ile ya wakati uliopita, wala sikuuliza. Mbinga walinipokea mkoba, na hakuna aliyeniuliza habari. Walisema "pole". Kwa hakika, hadi leo hakuna mtu aliyewahi kunitamkia kwa sentensi kamili kwamba kaka yangu alifariki.

Wenzangu wa hapa nilipowasimulia waliona kwamba nilidanganywa mara tatu. Mimi naona nilipewa habari kwa kipimo cha umbali uliobaki. Kila kituo kiliongeza kiasi ambacho watu wa kituo kile wangeweza kunisaidia kukibeba. Aliye peke yake katika ghorofa ya tatu, katika mji ambao anayemjua zaidi ni jirani wa mapipa, hapewi mzigo wote. Nani atamshika akianguka? Habari kamili hutolewa penye mikono. Hii ni sarufi, na ina kanuni kama sarufi yoyote.

Niliporejea kazini mwenzangu aliniuliza safari ilikuwaje. Nilimjibu kwa Kijerumani: nzuri, ila tulizika. Akanitazama kwa mashaka. Kiunganishi alikuwa nacho. "Nzuri" ya kukitangulia ndiyo aliyoshindwa kuielewa.

Sarufi hiyo sasa inavunjika. Ukoo wetu una kundi lake kwenye simu, na kijana yeyote mwenye chaji huwahi kuliko dada. Kifo cha shangazi yangu nilikipata ndani ya tramu, kwa picha ya mshumaa na maneno "pumzika kwa amani", kabla mtu yeyote hajasema kwamba anaumwa. Nilishuka kituo kisicho changu. Dada alipiga saa mbili baadaye akaanza, "Nzuri, ila shangazi hajisikii vizuri." Alikuwa anajua kwamba ninajua. Nilimwachia amalize kwa utaratibu wake, hatua kwa hatua, na nadhani simu ile ndiyo iliyonifikisha nyumbani jioni hiyo.

7.0 Hitimisho

Sisi tulio mbali tunapenda kucheka habari za kwetu. Tunakutana, Watanzania watano katika chumba chenye joto la mashine, tunasomeana vichwa vya habari: waziri aagiza tena, daraja lazinduliwa tena. Kicheko hicho ni cha haki, na makala haya yamekifaidi. Ila ni vyema tukijua jinsi kinavyosikika kwa wanaovuka daraja lenyewe. Kejeli ya aliye mbali ni ila ambayo mara nyingi haikutanguliwa na nzuri. Dada yangu hucheka waziri huyohuyo kwa ukali kunishinda, lakini yeye amesimama juani kumsikiliza.

Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam palikuwa na matangazo ya vifo ambayo kila nyumba iliyanyamazia. Fulani wa Namswea anasikitika kutangaza kifo cha fulani. Habari ziwafikie fulani wa Songea, fulani wa Tunduru, na ndugu na jamaa wote popote walipo. Tuitazame sentensi hiyo. Kiongozi hayumo, wala anayehimizwa hayumo. Mtenda ni habari zenyewe, katika hali ya kutaka, zikitumwa kutafuta watu. Na popote walipo ndiyo nafasi pekee katika lugha yote ya habari iliyotengwa kwa ajili ya mtu wa ughaibuni.

Siku ya pili ya matanga ya kaka, dada aliandika tangazo la kupeleka redio moja ya mkoani. Aliwapanga ndugu wote kwa mahali walipo, na mwishoni akaliandika jina langu: aliyeko Ujerumani. Nilikuwa nimekaa naye kwenye mkeka uleule. Nilimwambia, "Dada, mimi si nipo hapa?" Akasema tangazo lina utaratibu wake, akaendelea kuandika. Jioni watu walinyamaza, redio ikawashwa uani, na jina langu likasomwa pamoja na mengine.